Chanda Chema, Pete, na Mwalimu Anayekwenda Leparua



Wahenga wa pwani yetu walisema kuwa chanda chema huvikwa pete. Tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, pete hiyo ilivikwa chanda cha mwalimu wa fizikia na hisabati kutoka Kenya, Bwana Peter Tabichi. Alikabidhiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, inayotolewa na Wakfu wa Varkey, na fungu lake lilikuwa dola milioni 1 za Kimarekani. Majina yaliyopelekwa kushindania tuzo ile mwaka huo yalikuwa yapata 10,000, kutoka nchi 179. Katika umati huo wote, aliyetajwa ni mtu aliyekuwa akisomesha katika shule ya kutwa ya mashambani, yenye kompyuta moja tu na mtandao unaokuja na kuondoka.

Twarejea habari hiyo leo, ingawa si ngeni, kwa sababu imetufikia barua ya wazazi wawili wa hapa kwetu. Binti yao amehitimu ualimu wa fizikia na hisabati, na amepangiwa kazi Leparua, katika kaunti ya Isiolo. Wanatuuliza: je, wamruhusu aende, au wazunguke maofisini hadi abadilishiwe? Na mzee wa familia ameongeza neno lake, kwamba ualimu wa fizikia ni kazi isiyo shukrani, na huko bara ni kupoteza mtoto na shahada yake. Swali kama hili si la nyumba moja. Tumeona vyema tulijibu hadharani, na tuanze na hiyo shukrani inayodaiwa kuwa haipo.

Tuzame kwanza katika sababu za kutuzwa kwa Bwana Tabichi. Shule yake, Keriko, iko Njoro katika kaunti ya Nakuru, kwenye kijiji kiitwacho Pwani, ingawa bahari haionekani wala haisikiki. Ni nchi kame, ambayo ukame na njaa huizuru mara kwa mara. Wanafunzi karibu wote, asilimia 95, walitoka katika jamaa maskini, na theluthi moja hivi walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja tu. Wapo waliotembea kilomita 7 kuifikia shule, kwa njia ambazo msimu wa mvua hazipitiki. Kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58 wa kuwatazama.

Katika hali hiyo mwalimu huyu hakungoja maabara ijengwe. Alianzisha chama cha kukuza vipawa, akakipanua chama cha sayansi, na yeye na wenzake wanne wakawa wakiwafundisha wanafunzi dhaifu nje ya saa za darasa na siku za mwisho wa wiki, wakiwafuata hata majumbani kwao. Alikwenda mjini kwenye vibanda vya mtandao, akapakua masomo, kisha akarudi nayo darasani. Asilimia 80 ya mshahara wake aliitoa kwa wahitaji. Na kwa kuwa pande zile zilitikiswa na fitina za ukabila baada ya uchaguzi wa 2007, aliunda chama cha amani kilichowaketisha pamoja watoto wa makabila saba.

Matunda yakaonekana. Mwaka 2017 waliokwenda vyuoni kutoka Keriko walikuwa 16 kati ya 59. Mwaka 2018 wakawa 26. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakashinda katika maonyesho ya sayansi ya taifa, na shule ikafuzu kwenda maonyesho ya dunia huko Arizona, Marekani. Wengine walitoa umeme kutokana na mimea ya pale pale kijijini, wakatuzwa na Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza.

Bwana Tabichi ni mtawa wa Kikristo wa shirika la Wafransisko. Twalitaja hilo waziwazi, kwa sababu mwenye kutenda wema hustahiki kutajwa kwa wema wake, na sisi tuliolelewa katika kumheshimu mwalimu hatuna haja ya kumuuliza dini yake kabla ya kumwambia ahsante. Aliyeshika tuzo hiyo hiyo miaka mitatu kabla yake, mwaka 2016, ni Bibi Hanan Al Hroub wa Palestina, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi na akawafunza watoto walioonja ukatili wa vita kwa njia ya michezo. Hivyo tuzo hii imewaendea watu wa imani na nchi tofauti, na jambo lililowakutanisha ni hilo la kuwashika mkono watoto waliosahauliwa.

Ama kumtukuza mwalimu wa fizikia, hilo si jambo la jana. Chama cha Walimu wa Fizikia wa Marekani kimekuwa kikitoa nishani tangu mwaka 1936, iitwayo Nishani ya Oersted, kwa jina la mwanachuoni wa Denmark ambaye mwaka 1820 alitambua kuwa umeme upitao katika waya huisukuma sindano ya dira. Richard Feynman, aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, alipewa nishani hiyo ya ualimu mwaka 1972. Uingereza nako, Taasisi ya Fizikia ina nishani yake ya elimu, yenye jina la Bragg. Kwa hiyo wale waliofika kilele cha elimu hii waliona kwamba kugundua jambo ni fadhila, na kumfahamisha mtoto jambo hilo ni fadhila nyingine inayojitegemea.

Lakini ni kipi hasa kinachomfanya mwalimu wa fizikia astahiki pete? Afrika ya Mashariki ina kisa chake, nacho chafaa kujulikana na kila mzazi.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba nchini Tanzania, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Yeye, kwa kuhofia kukosa nafasi, akayatia yakiwa bado moto. Yake yakaganda mbele ya yale yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamdhihaki kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Dhihaka ikawa msemo wa darasa zima.

Siku moja Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizuru Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama, akauliza lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 majina ya wawili hao, mwalimu wa chuo na mwanafunzi, yakaandikwa pamoja juu ya makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya jambo lile, lini hutokea na kwa nini, lakini jina lake ni moja duniani kote: athari ya Mpemba.

Kuuliza si ujinga, twasema kila siku, kisha tunamnyamazisha mtoto anayeuliza. Walimu wawili walimsikia Mpemba na hawakumsikiliza. Wa tatu alimsikiliza. Hatukusikia kwamba Dakta Osborne alipewa nishani kwa ajili ya siku ile ya Iringa, nasi twaona kwamba alilolifanya ndilo kiini cha ualimu bora ambao nishani zote hizi hujaribu kuutafuta.

Sasa tugeuke tuitazame Leparua yenyewe. Ni nchi ya wafugaji, iliyopakana na hifadhi ya wanyama ya Lewa, na katika pande zile za Isiolo huishi Wamaasai, Wasamburu, Waborana, Wasomali na Waturkana, wengi wao wakifuata malisho na maji. Hapana haja ya kuwaficha wazazi waliotuandikia: ukame ni wa kweli, umbali ni wa kweli, na visa vya wizi wa mifugo katika kaunti zile vimesikika mara nyingi. Anayehofia mwanawe si mwoga wala si mkosefu wa imani.

Hata hivyo yapasa tuitazame hofu ya upande wa pili, ya mzazi aliyeko Leparua. Katika utaratibu mpya wa elimu ya Kenya, Sekondari Msingi ilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, na mtoto amalizapo Gredi ya 9 huchagua mkondo wake wa Sekondari Pevu. Mmoja katika mikondo mitatu ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto wa miaka 14 au 15 atauchaguaje mkondo huo ikiwa miaka yake mitatu ya Sayansi Jumuishi ameisoma kwa mwalimu wa somo jingine aliyeshikilia nafasi tu, au ameisoma kwa kunakili ubaoni? Mlango wa udaktari, uhandisi, urubani na utabiri wa mvua humfungia akiwa bado mdogo, na hakuna aliyemwambia kuwa ulikuwa wazi. Hasara hiyo haipigi kelele kama ya ng'ombe walioibwa, lakini huenda ikadumu zaidi.

Tena wapo wadhaniao kwamba fizikia haifundishiki pasipo maabara. Tuwaombe wafikiri upya. Isiolo iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, ule mstari upitao Nanyuki. Mara mbili kwa mwaka, mnamo Machi na Septemba, jua la adhuhuri husimama karibu sawasawa juu ya utosi, na fimbo iliyosimikwa wima hukosa kivuli. Mwalimu akiwatoa watoto uani siku hiyo na fimbo moja, wakapima kivuli kila nusu saa, wataona kuwa baada ya saa 3 tangu jua kuwa utosini, kivuli kimekuwa na urefu sawa na fimbo yenyewe. Sababu ni kwamba jua huonekana kusafiri nyuzi 15 kila saa, na nyuzi 15 mara 3 ni nyuzi 45, ambako kivuli na fimbo hulingana. Mtoto wa madrasa aliyefunzwa kuujua wakati wa Alasiri kwa kivuli atatambua mara moja kuwa ameishika pembetatu mkononi siku zote bila kuambiwa jina lake.

Au tuchukue darasa la mabati. Kila aliyekaa chini ya bati lililotobolewa na misumari amewahi kuona vidoa vya nuru sakafuni. Mwalimu na aulize: mbona tundu lina pembe, na kidoa ni cha mviringo? Jibu ni kwamba kile si kivuli cha tundu. Ni sura ya jua. Nuru hunyooka, na tundu dogo lapitisha picha ya kile kilicho nje. Darasa likitiwa giza na tundu moja likaachwa, mti wa mgunga ulio uani utaonekana ukutani ukiwa kichwa chini. Hilo ndilo alilolichunguza Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri mapema katika karne ya 11, akaandika Kitab al-Manazir, kitabu cha nuru na kuona ambacho Ulaya ilikisoma kwa karne nyingi. Vyombo vyake havikuwa vingi kupita vya Leparua. Alikuwa na chumba chenye giza, tundu, na subira ya kujaribu jambo kabla ya kulisema.

Nchi ile ina masomo mengine mengi: pampu inayovuta maji kutoka chini ya ardhi kwa nguvu za jua, sarabi inayong'aa kama maji juu ya barabara ya lami, kibuyu cha maziwa kinachotikiswa hadi siagi ijitenge. Mtoto wa mfugaji ameyaona yote. Anachokosa ni mtu wa kumuuliza kwa nini, kisha kumngoja ajibu.

Tukishayasema haya, hatuna budi kutia onyo, kwani sifa zina hatari yake. Tuzo kubwa humpata mmoja katika maelfu. Lau tutawaambia vijana wetu wavumilie kwa matumaini ya dola milioni, tutakuwa tumewadanganya. Na ubaya mkubwa zaidi ni pale tuzo inapogeuzwa pazia: tukamsifu mwalimu aliyetoa mshahara wake kwa maskini, ilhali tunanyamaza kuhusu mwalimu ambaye mshahara wenyewe haumtoshi. Tusisahau kuwa walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, wakifanya kazi ile ile ya walioajiriwa, hadi wakagoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu. Kujitolea ni fadhila ya mtu binafsi. Serikali haiwezi kuifanya kuwa mpango wa bajeti, wala mzazi asimdai mwalimu kile ambacho yeye mwenyewe hakitoi.

Kwa hiyo tuzo ya kweli, ile inayomfikia kila mwalimu anayestahiki, haina budi kutoka kwa watu walio karibu naye. Twaieleza kwa mambo yanayotendeka.

Kwa wazazi waliotuandikia, jibu letu ni hili. Binti yenu ni mtu mzima na elimu ni yake. Mketisheni, mumsikilize kwanza yeye anataka nini. Akipenda kwenda, msimzuie kwa sababu ya jina la mahali. Mmoja wenu na asafiri naye, akaone nyumba atakayolala, maji anakoyateka, na jirani atakayemwitikia usiku. Akutane na mwalimu mkuu na wazee wa pale, na aulize bila haya habari za usalama na za usafiri. Haya yakitengemaa, mwacheni akafanye kazi yake. Yakikosekana, kuomba abadilishiwe ni haki yake, na hakuna wa kumlaumu. Na akiwa kule mpigieni simu kumuuliza habari za wanafunzi wake, si za mshahara tu. Mwalimu anayeulizwa na babake juu ya somo la leo hutambua kuwa kazi yake ina uzito nyumbani.

Kwa ndugu zetu wa Leparua na miji mfano wake, twawaomba wamhesabu mwalimu mgeni kuwa ni mtoto wao. Nyumba yenye mlango unaofungika, mtungi wa maji, na mama mmoja wa kumtembeza sokoni wiki ya kwanza ni heshima zinazozidi hotuba. Na mtoto wa kike aachwe amalize somo. Keriko walipowainua wasichana, shule nzima ilinyanyuka.

Kwa kamati zetu za misikiti na madrasa hapa pwani, tunayo desturi njema ya kuwatuza watoto waliohifadhi na waliofaulu mitihani. Mcheza kwao hutunzwa. Basi na mwalimu wao aitwe naye asimame mbele ya watu. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1994. Hakuna kinachotuzuia siku hiyo kumtaja hadharani mwalimu wa fizikia wa shule ya mtaa, kumpa kanzu, leso au kitabu, na kumwambia mbele ya wanafunzi wake ni lipi alilolifanya. Likitajwa jambo lenyewe, kwamba mwanafunzi fulani aliyekuwa akikimbia hesabu sasa anazifuata, mwalimu atajua kuwa alionekana.

Na kwako, binti yetu, ikiwa gazeti hili litafika mkononi mwako kabla ya safari: chukua kamba ya kupimia, sumaku, kioo na lenzi moja. Vilivyobaki utavikuta kule. Watakapokuuliza jambo usilolijua, na wataliuliza, usiwacheke; liandike, mlijaribu pamoja. Twakuombea safari ya salama, afya, na wanafunzi wenye maswali mengi.

Wabillahi tawfiq.